Kabla Hamjafika Hombolo

Wajukuu zangu,

Mama zenu walikuja kwangu jana jioni wamekunja nyuso kama watu wanaoleta kesi. Waliniambia likizo hii hamji nyumbani Rungwe Mpya moja kwa moja mkitoka chuoni. Mnabaki Dodoma kwanza mzungukie mashamba ya zabibu na viwanda vya mvinyo, mkaonje. Walidhani babu atapiga marufuku. Sikupiga. Nimetumikia idara ya kilimo Dodoma hadi nywele zikabadilika rangi, Mpunguzi nimekanyaga, Hombolo nimekanyaga, Makutupora ndiyo usiseme. Nendeni. Ila kuna mambo nataka mwende nayo, kwa sababu kuonja ni kazi, na vijana wengi huifanya kama vile ni ofa.

Kwa nini nawaruhusu? Fikirieni kahawa. Huku milimani kwetu Kigoma, tangu Manyovu hadi Kasulu, mkulima wa kahawa anapalilia, anachuma, anamenya, anaanika, anapakia gunia. Wengi wamezeeka bila kuinywa kahawa ya shamba lao hata kikombe kimoja. Nyumbani ilinywewa chai. Gunia lilikwenda Moshi. Kule mwonjaji aliyesomea kazi yake alichota kijiko, akakifyonza kwa mlio, akatema kwenye ndoo, akaandika alama kwenye karatasi. Alama ile ndiyo iliyotangulia mnadani, na bei ikaifuata. Mwenye shamba aliletewa majibu tu, tena baada ya miezi. Asali yetu ya Kibondo na Kakonko nayo imesafiri hivyo hivyo miaka yote: inaondoka kwenye madumu ya njano, inaonjwa na wengine, inapewa jina na wengine. Mimi nataka katika ukoo huu wapatikane watu wawili watatu wa upande wa kijiko. Na kwa nchi yetu hii, mahali rahisi pa kuanzia kujifunza jinsi zao linavyoonjwa mbele ya mgeni, likasimuliwa na kuuzwa hapo hapo lilipozaliwa, ni Dodoma.

Msiende mkiwa na woga kwa kuwa mmetoka kijijini. Najua mmeona kwenye simu watu wanaozungusha bilauri kwa vidole viwili huku wamefumba macho, mkadhani ni elimu ya kuzaliwa nayo. Ninyi mmekulia kwenye nyumba inayojua kuonja. Kumbukeni pombe ya ndizi inavyotengenezwa hapa. Ndizi zinavundikwa shimoni, majani ya mgomba juu na chini, moto mdogo pembeni unapeleka joto, hadi ziive kwa pamoja. Zinamenywa, zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti, zinakandwa pamoja na nyasi hadi juisi iachane na makapi. Inachujwa, inaongezwa maji kwa kipimo, inanyunyiziwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa na kuachwa ichachuke. Na pale mwanzoni, kabla ya maji, mkamuaji anachovya kidole, anaramba, anatulia. Hapo anaamua maji yawe kiasi gani. Hana mizani wala karatasi, lakini akikosea pale, kesho yake wageni watamwambia.

Halafu angalieni adabu yake. Mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna lililofichwa ndani. Mzee anayepewa kibuyu hamezi haraka; hukaa nayo mdomoni, kisha hutoa hukumu: bado changa, mtama umezidi, maji mengi, hii ilitakiwa kunywewa jana. Kwenye hoteli kubwa mtaona mhudumu anammiminia tone mtu mmoja wa mezani, wengine wote wanasubiri. Watu hudhani ni maringo. Yule anachunguza kama chupa imeharibika kabla wenzake hawajamiminiwa. Mwenyeji na mzee wetu wamekuwa wakiifanya kazi hiyo tangu enzi za Mwami, mtawala wetu wa kale, na hawakuhitaji kitambaa cheupe mkononi.

Sasa Dodoma yenyewe. Babu zenu wakubwa walipita pale dirishani tu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi baadaye ikawabeba Waha wenzetu kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga, wanaume walioitwa manamba. Wakipita Dodoma waliona vumbi, mibuyu na ng'ombe wa Wagogo. Zabibu hazikuwapo za kutazamwa. Zilishika mizizi katika miaka ya 1950 kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, waliohitaji divai ya misa, wakagundua kwamba nchi ile kavu, iliyoinuka kiasi cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, inaupenda mzabibu. Baadaye serikali nayo ikaingia. Kikajengwa kiwanda cha umma, DOWICO, na zabibu ikawa zao la Mgogo wa kawaida mwenye ekari moja au mbili. Kiwanda kile kikadorora, kikafa kama mashirika mengi ya umma yalivyokufa, na wakulima wengi wakang'oa mizabibu yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo wakaja wawekezaji wapya, akiwamo Mwitaliano aliyeanzisha CETAWICO pale Hombolo. Kuna Alko Vintages pale mjini, kuna wasindikaji wadogo wengi, na kuna skimu ya Chinangali kule Chamwino ambako wakulima wa ushirika hulima kwa maji ya matone. Makutupora kuna kituo cha utafiti cha TARI, na ndicho kilichoipa jina zabibu nyekundu ya Dodoma ambayo kila mkulima anaijua: Makutupora.

Nawaeleza haya ili mkifika msitafute yale ya kwenye picha. Vingi vya viwanda vile ni viwanda kweli kweli: matangi ya chuma, mabomba sakafuni, harufu ya chachu, kijana mwenye mabuti anayesukuma maji. Chumba cha kuonjea kinaweza kuwa ofisi yenye meza moja na rafu ya chupa. Basi pigeni simu siku mbili tatu kabla, mtaje idadi yenu, muulize kama kuna mtu wa kuwatembeza na kama kuna malipo. Kumvamia mtu wa kiwanda katikati ya kazi na kumwambia "tumekuja kuonja" ni kumfanya akutoe kwa adabu au akumiminie chochote ili uondoke.

Mwezi nao una maneno yake. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Hili si la kawaida duniani. Ulaya mzabibu hupukutisha majani wakati wa baridi kali, hulala, na huzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima mwenye mkasi: anapogoa, na baada ya miezi kama minne anavuna. Mavuno ya Februari huja mvua ikiwa bado inanyesha, na pamoja na mvua huja ubwiri unga na ubwiri chini, magonjwa ya ukungu yanayomfanya mkulima alale na bomba la dawa mgongoni. Mavuno ya Agosti huja nchi ikiwa imekauka. Waulizeni wenyeji ni yapi wanayapenda na kwa nini. Mtapata mhadhara ambao hautolewi chuoni kwenu. Kama mnaweza, nendeni wakati wa kuchuma. Mwonjaji aliyeona kreti za zabibu zikisubiri juani nje ya lango la kiwanda, mwenye mali amekaa juu ya ndoo akipiga simu huku nyuki wamemzunguka, hataigusa bilauri kwa mzaha.

Pale langoni kuna kitu kidogo nataka mkitazame. Ni kifaa cha kushika mkononi, kama kipande cha darubini. Mpokeaji anaponda zabibu moja, anadondosha juisi juu ya kioo chake, anakielekeza kwenye mwanga, anachungulia kwa jicho moja na kusoma kiwango cha sukari. Sukari ndiyo inayogeuka kileo, kwa hiyo zabibu yenye sukari kidogo hutoa mvinyo dhaifu, na kiwanda kinaweza kuikataa. Kifaa hicho si cha ajabu wala si ghali kama trekta. Lakini mkulima asiye nacho huambiwa utamu wa zabibu zake na mtu yule yule anayezinunua. Mkimkuta mkulima anayekuja na chake mfukoni, mpeni mkono.

Siku ya kwenda, kuleni. Simaanishi karanga za kwenye basi. Kuleni ugali na nyama ya mbuzi, ambayo Dodoma haina mshindani, mnywe na maji mengi. Msijipulize manukato. Wasichana, na ninyi wavulana ambao siku hizi mnanukia zaidi yao, pua ndiyo inayofanya nusu ya kazi kule, na mmoja wenu akinukia duka la Wahindi atawaharibia wote chumbani. Pipi za mnanaa, bablishi na sigara ziacheni. Mtu aliyetoka kupiga mswaki akanywa mvinyo atadhani amepewa siki.

Mezani hakuna siri kubwa. Tazameni rangi dhidi ya kitu cheupe. Tikiseni bilauri kidogo ili harufu ipande, nuseni kabla ya kunywa. Kisha chukueni funda dogo, lizungusheni mdomoni lifike pembeni mwa ulimi na kwenye fizi, halafu lioneni linaacha nini likishaondoka. Anzeni na mweupe, ndipo mwekundu. Anzeni na usio na sukari, ndipo mtamu, la sivyo ule wa kwanza utaonekana mchachu bila kosa lake. Mwekundu utawakausha fizi. Ukakasi ule mnaujua: ni wa ndizi mbichi, ni wa ganda. Mvinyo mwekundu huchachuka ukiwa pamoja na maganda ya zabibu, na maganda ndiyo yanayoupa rangi na ukakasi. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndipo juisi ichachuke peke yake. Ukinusa na kusikia boksi lililolowa na kuoza, kizibo kimeiharibu chupa. Ukisikia siki, hewa imeingia. Semeni kwa upole. Mwenyeji mwaminifu atanusa mwenyewe, ataiondoa chupa, atafungua nyingine, na kuanzia hapo atazungumza nanyi kama watu wazima.

Na temeni. Hapa ndipo mama zenu wanisikilize. Kila atakayeona chombo cha kutemea mezani ajue kimewekwa kwa heshima, si mapambo. Fanyeni hesabu: wakikumiminia mililita 50 za aina tano, umefikia mililita 250, theluthi ya chupa nzima, ya kitu chenye kileo cha asilimia 12 au 13. Pombe yetu ya ndizi huwa haifiki huko. Mkitoka kiwanda cha kwanza mkaenda cha pili bila kutema, cha tatu mtakuwa hamwonji tena, mnakunywa tu, na kila mtakachomiminiwa mtasema ni kitamu. Waonjaji wa kahawa wa Moshi wangemeza kila kijiko wasingelala mwaka mzima. Nao wanatema, na hakuna anayewaona washamba.

Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Kodini gari yenye dereva, mkubaliane naye mapema kwamba haonji hata tone, mmlipe vizuri na mmnunulie chakula kizuri kuliko chenu. Hombolo kuko nje ya mji, na bodaboda wa jioni anayebeba abiria wawili waliochangamka simtaki katika simulizi za familia hii. Aliye chini ya miaka 18 haonji. Sheria ndivyo inavyosema, nami nasema hivyo hivyo. Na kwenye matangi ya uchachushaji msiingize vichwa kuchungulia. Chachu inapokula sukari hutoa hewa nzito isiyo na rangi, inayotuama ndani ya tangi na kumfukuzia mtu pumzi. Imeua wafanyakazi wa viwanda vya mvinyo katika nchi zenye uzoefu wa karne nyingi.

Kuhusu maneno. Mtakuta vikaratasi vinavyosema mvinyo huu una harufu ya matunda ya msituni ya Ulaya, ya ngozi, ya tumbaku, ya sijui nini. Msitikise vichwa kukubali kitu ambacho hamjawahi kukila. Mna matunda yenu. Semeni zambarau, semeni ukwaju, semeni mabungo, semeni papai lililopita siku, semeni asali ya miombo ile nyeusi ya mwisho wa kiangazi. Nimewahi kumsikia mama mmoja mkulima akisema mweupe wa jirani yake unanukia embe dodo lililokatwa asubuhi, na wataalamu waliokuwa wanauzungukia kwa Kiingereza wakanyamaza. Zile zabibu nyingine zina asili za mbali: Chenin Blanc ya Ufaransa, Teroldego na Marzemino za kaskazini mwa Italia, Aglianico ya kusini mwake, Syrah. Zote zimekula udongo wa Ugogo. Kuzielezea kwa lugha ya udongo huo si ushamba hata kidogo.

Lebo nayo isiwatishe. Mwaka 1976, tarehe 24 Mei, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza aliyekuwa akiishi Paris, Steven Spurrier, aliwaketisha majaji wa Kifaransa wenye majina makubwa, akawaonjesha mivinyo ya nchi yao na ya California bila kuwaonyesha chupa. Wakati ule mvinyo wa Marekani ulikuwa ni kichekesho kwa Wafaransa. Majaji walipomaliza, aliyeongoza kwa mweupe alikuwa Chateau Montelena wa mwaka 1973, na kwa mwekundu Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka huo huo, wote wa bonde la Napa. Baadhi yao hawakufurahi. Nanyi fanyeni hivyo siku moja bwenini: chukueni chupa mbili za Dodoma na moja ya Afrika Kusini, mzifunge magazeti, mmoja wenu amimine. Sina uhakika Dodoma itashinda, na sitaki mzalendo yeyote aipe ushindi wa kupakatwa. Nataka ishinde au ishindwe ulimini.

Maswali ya kuuliza ni mengi, lakini msiache hili: zabibu hizi ni za nani? Dodoma kuna kitu wenyewe wanakiita mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokwisha kukamuliwa na kuchachushwa na msindikaji wa kati, zikakaa kwenye tangi zikisubiri mnunuzi mkubwa aje kuzichukua akamalizie na kutia kwenye chupa zake. Mchuzi umewaokoa wakulima wengi, maana zabibu mbichi haisubiri. Ikishachumwa ina siku chache, na mnunuzi anayejua hivyo anaweza kukaa kimya hadi wewe mwenyewe upunguze bei. Tangi linampa mkulima muda. Lakini kuna viwanda vinavyoagiza juisi nzito ya zabibu kutoka nje, vikaongeza maji na kuendelea, na ndiyo maana sheria ya ushuru wa bidhaa imetofautisha mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 na ule usiofikia hapo. Wa kwanza hutozwa kidogo. Basi ulizeni kwa sauti ya kawaida: humu za ndani ni asilimia ngapi? Mwenye zabibu za Mpunguzi au Veyula atawajibu kwa furaha, pengine awatajie hadi mwenye shamba. Atakayeanza kuwaonyesha tuzo ukutani, mshukuruni, mnunue maji.

Wale mnaojizuia kunywa kwa ajili ya Mungu msionje, na najua mpo. Kasulu yetu ni ya Waanglikana wa uamsho, wengine ni Walokole wa siku hizi, na upande wa Ujiji tuna ndugu Waislamu ambao ni damu yetu. Asiyekunywa aende tu kama dhamiri yake inamruhusu kuingia. Atanusa, atauliza, atakula zabibu zenyewe, atakunywa juisi, na mara nyingi pua yake itakuwa safi kuliko za wenzake ifikapo saa nane. Asitokee mmoja wa kumsukumia mwenzake bilauri kwa utani. Hapa kijijini tumeona watu waliotoka kwenye ulevi kwa machozi, wakarudishwa na tone la rafiki.

Pia kuna mtu mmoja hapa kijijini mnayemjua, sitamtaja, ambaye siku yoyote ikikamuliwa pombe atapita akisalimia nyumba zote. Huonja kwa huyu, akasifu. Huonja kwa yule, akatikisa kichwa na kuomba aongezwe kidogo ili ahakikishe. Jioni amelewa, hajanunua hata kikombe, na wenye pombe wote wanaamini amewapa ushauri. Msiwe yeye huko ugenini. Kama kuna ada ya kuonja, lipeni bila kuomba mpunguziwe. Kama hakuna, nunueni walau chupa moja mchangiane. Kama mfuko hauna kitu, semeni mapema mmekuja kujifunza. Heshima ya mwanafunzi ipo. Na yule binti anayemimina yuko kazini. Tabasamu lake ni la kazi. Msimwombe namba.

Picha pigeni baada ya kuomba. Ndani ya kiwanda kuna mambo ambayo mwenyewe hataki jirani yake ayaone.

Nirudi kwenye kijiko. Mwaka 1971 wakulima watatu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walianzisha njia ya mvinyo: vibao barabarani, milango ya mashamba ikafunguliwa, mgeni akaonja na kununua kwa mwenye shamba. Mmoja wao, Frans Malan wa Simonsig, alikuwa ameona mfano wake Ufaransa. Leo kuonja shambani ni sehemu kubwa ya utalii wa eneo lile. Sisemi wakulima wote wa kule walitajirika, na waliokata zabibu zile kwa mikono yao hawakuwa ndio walioketi kwenye viti vya kuonjea. Ubaguzi ulikuwa bado juu. Lakini jambo lenyewe, la kumleta mnunuzi hadi lilipo zao badala ya kulipeleka zao likanyamaze kwenye ghala la mtu, halina hati miliki. Kenya nao wamejaribu kule Naivasha na mvinyo wao wa Leleshwa. Dodoma sasa ina treni ya SGR kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024, ina wabunge, ina wageni wa mikutano wasio na la kufanya Jumamosi. Wageni wapo, kinachobaki ni mwenyeji kuwafungulia mlango na kuwawekea kiti.

Sisi hatuna treni hiyo, lakini lami ya Kasulu hadi Nyakanazi imetutoa kwenye kifungo, na malori ya maharage yanapita usiku na mchana. Kile chumba changu cha mbele, kilichokuwa duka, kiko tupu. Nimekuwa nikiwaza kuweka pale meza, asali ya maua matatu tofauti kwenye mitungi ya kioo, kahawa ya milima yetu iliyokaangwa hapa hapa, na pengine pombe ya ndizi iliyochujwa vizuri kwa mwenye kuitaka. Sitaki kuanza kwa kubahatisha. Kwa hiyo huko Hombolo, mwenzenu mmoja awe na daftari. Aandike wanamimina kiasi gani na wanatoza shilingi ngapi; wanaanza na chupa ipi na wanamalizia na ipi; bilauri zinaoshwa wapi na kwa maji gani; nani anazungumza na mgeni, mwenye mali au mwajiriwa; kati ya wageni kumi walioonja, wangapi wanaondoka na chupa. Na muulizeni mkulima yeyote mtakayemkuta langoni, si bosi wake, kilo moja msimu huu wanaichukua kwa bei gani na nani aliyeipanga.

Chupa mtakazoleta zifungeni kwenye nguo katikati ya begi, zilale, na begi likae nanyi ndani ya basi. Huko chini kwenye buti injini inapika.